Askofu Kataliko

Emmanuel Kataliko alizaliwa mwaka 1932 karibu na Butembo, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1966 akawa Askofu huko kwao. Aliwakusanya watu, wakatengeneza barabara kwa mikono yao.

Mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu wa Bukavu, mji mkuu wa Kivu ya Kusini, jimbo lenye Fizi, Baraka na Minembwe. Mwaka 1998 vita viliwaka, waasi wakatawala. Huko Makobola, katika Fizi, mamia ya watu waliuawa. Mali za raia ziliporwa. Watu walinyamaza kwa hofu. Kila mmoja aliona kwamba peke yake hawezi neno.

Siku ya Noeli 1999 barua ya Askofu ilisomwa makanisani. Ilitaja maovu hayo waziwazi, ikawahimiza Wakristo wasikate tamaa wala wasishindwe na chuki.

Wakubwa wa waasi walikasirika. Februari 2000 walimkataza kurudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Ndipo watu walipoijua nguvu yao. Hawakushika silaha. Makanisa na shule zilifungwa kwa muda, na watu wakadai mchungaji wao arudishwe. Walidai miezi saba.

Septemba 2000 Askofu alirudi, akapokewa kwa shangwe. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, alikufa ghafula huko Roma. Lakini watu wa Bukavu walikuwa wamekwisha kujifunza: kidole kimoja hakivunji chawa.