Zino Davidoff: Mtoto wa wakimbizi aliyeitafutia biri ya Cuba makao Ulaya

Wengi wetu tunalijua jina la Davidoff kutokana na chupa ya manukato ya Cool Water, yaliyoingia sokoni mwaka 1988. Mwenye jina hilo hakuwa fundi wa manukato. Alikuwa muuza tumbaku wa mjini Geneva, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kushughulikia swali moja: jani lililozoea joto na unyevu wa Cuba litahifadhiwaje katika nyumba ya Ulaya, yenye baridi na hewa kavu?

Bidhaa aliyoiuza ni biri, ile sigara nene inayosokotwa kwa majani ya tumbaku bila karatasi. Biri nzuri husokotwa kwa mkono, na hata baada ya kutoka kiwandani hubadilika kila siku kulingana na hewa inayoizunguka.

Kutoka Kyiv hadi Geneva

Zino Davidoff alizaliwa Machi 11, 1906, katika mji wa Novhorod-Siverskyi, Ukraine ya leo, wakati huo ikiwa chini ya himaya ya Urusi. Baba yake alifanya biashara ya tumbaku mjini Kyiv. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, na Wayahudi wa himaya hiyo waliishi kwa hofu ya kuvamiwa na kuporwa. Mwaka 1911 mfanyakazi mmoja Myahudi wa Kyiv, Mendel Beilis, alikamatwa kwa kusingiziwa mauaji ya mtoto, na kesi yake ikapata umaarufu duniani kote.

Mwaka huohuo akina Davidoff walifunga virago, wakaelekea Uswisi. Mjini Geneva baba alirudia kazi aliyoijua, akafungua duka dogo la tumbaku. Zino alikulia humo, kati ya makopo na harufu ya majani.

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 18, alivuka bahari kwenda kujifunza biashara hiyo kwenye chimbuko lake. Alipita Argentina na Brazil, kisha akafika Cuba na kufanya kazi katika shamba la tumbaku. Huko aliona jinsi jani linavyokaushwa polepole kwenye mabanda, linavyorundikwa lichachuke, na linavyolainishwa tena kwa unyevu kabla ya msokotaji kuligusa. Mahali pote hapo unyevu ulikuwa sehemu ya kazi.

Tatizo la baridi

Aliporejea Geneva na kushika duka la familia, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikutana na tatizo ambalo kila mwenye biri katika nchi za baridi hulijua. Hewa baridi hubeba mvuke kidogo. Ikiingia ndani na kupashwa moto, mvuke hauongezeki, bali hewa huwa kavu zaidi na huanza kunyonya maji kutoka kila kitu chenye unyevu. Biri iliyowekwa mezani katika hali hiyo hukauka kwa siku chache. Jani la nje hupasuka, mafuta yenye harufu hupotea, na ikiwashwa huungua haraka na kuwa chungu.

Davidoff alitengeneza chumba cha chini cha duka ambamo joto na unyevu vilidhibitiwa ili vifanane na vya Havana. Anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza Ulaya kufanya hivyo. Lakini mteja akishanunua biri huenda nayo nyumbani, hivyo wazo hilohilo lilihamia kwenye sanduku la mezani: kasha la mbao linalofunga vizuri, lenye chombo cha kutoa unyevu taratibu.

Kanuni zake ni zilezile anazofundishwa anayeanza leo. Unyevu wa ndani uwe karibu asilimia 70, na joto kati ya nyuzi 18 na 21 za Selsiasi. Unyevu ukizidi sana, ukungu huota na biri huvimba, moshi usipite. Joto likizidi nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu mdogo wa tumbaku yaweza kuanguliwa, na viluwiluwi wake hutoboa biri kama fukusi anavyotoboa mahindi. Kwa hiyo katika miji ya pwani yetu shida si ukavu wa Geneva, bali ni joto, ukungu na mdudu huyo.

Mbao inayopendwa ni ya mti wa sedrela, wa Amerika ya Kati na Kusini, unaonukia na kustahimili unyevu. Mti huo umepandwa pia Tanzania, na katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umeenea kiasi cha kusumbua miti ya asili.

Kosa la kawaida ni kununua sanduku jipya na kulijaza siku hiyohiyo. Mbao kavu hunywa unyevu wa biri zenyewe. Kwanza huwekwa ndani bakuli dogo la maji, sanduku likafungwa kwa siku kadhaa hadi mbao ishibe. Maji hayo yawe yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa tena, kwa sababu ya bomba huacha chumvichumvi kwenye chombo cha unyevu. Kipima unyevu nacho hukaguliwa kabla ya kuaminiwa: hufungiwa katika mfuko usiopitisha hewa pamoja na kifuniko chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo bila kuyeyuka, na baada ya saa kadhaa kinapaswa kusoma asilimia 75. Jokofu halifai, kwani hukausha biri na kuipa harufu ya chakula. Na biri iliyokwisha kukauka hurudishiwa unyevu kidogo kidogo. Ikiharakishwa, sehemu ya ndani huvimba na kulipasua jani la nje.

Jina kwenye sanduku

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Davidoff alianza kuuza biri za Cuba zilizopewa majina ya mashamba maarufu ya mvinyo ya Bordeaux, na zikampatia sifa. Mwaka 1968 shirika la tumbaku la Cuba lilianza kutengeneza biri zenye jina lake mwenyewe katika kiwanda cha El Laguito, Havana, ambako pia zilisokotwa Cohiba, zilizojulikana kama biri za Fidel Castro. Mtoto wa wakimbizi akawa na jina lililotambuliwa na matajiri na wakuu wa nchi.

Mwaka 1970 aliiuza biashara yake kwa kampuni ya Oettinger ya Basel, akabaki kuwa sura yake. Kisha ukaja mgogoro. Davidoff na washirika wake waliona ubora wa biri zilizotoka Havana umeshuka, na mwaka 1989 ziliteketezwa hadharani takriban biri 130,000. Mtu aliyetumia miaka sitini kulinda jani lisikauke alikubali lichomwe, kwa kuwa hakuna sanduku linaloweza kuponya biri iliyoharibika kabla ya kufika humo. Uhusiano na Cuba ukavunjika, na utengenezaji ukahamia Jamhuri ya Dominika.

Hata hivyo uhifadhi bora hauondoi madhara ya tumbaku. Biri husababisha saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu, hata kwa asiyevuta moshi hadi ndani. Davidoff mwenyewe alihimiza watu wavute kidogo na kwa utulivu, lakini madaktari wanasema hakuna kiwango kilicho salama.

Zino Davidoff alifariki Geneva Januari 14, 1994, akiwa na umri wa miaka 87. Duka lenye jina lake lilibaki katika mtaa wa Rue de Rive, na biri zenye jina hilo zinaendelea kusokotwa katika Jamhuri ya Dominika.