Burnaby wa Birmingham aliyefia Sudan

Katika uwanja wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Philip, mjini Birmingham, Uingereza, umesimama mnara wa mawe wenye sanamu ya kichwa cha Kanali Frederick Burnaby. Juu yake yamechongwa majina mawili ya mbali: Khiva na Abu Klea.

Burnaby, aliyezaliwa Bedford mwaka 1842, hakuwa mwenyeji wa Birmingham. Aligombea ubunge huko mwaka 1880, akashindwa. Wakati huo alikuwa tayari mashuhuri kwa safari ya farasi hadi Khiva, Asia ya Kati, katika baridi kali.

Vita alivifuata hata pasipo kuitwa. Mwishoni mwa 1884 alikwenda Sudan bila idhini ya Wizara ya Vita, akajiunga na kikosi kilichotumwa kumwokoa Jenerali Gordon, aliyezingirwa Khartoum na majeshi ya Mahdi. Tarehe 17 Januari 1885, huko Abu Klea, wapiganaji wa Mahdi walipenya safu za Waingereza, na Burnaby akauawa kwa mkuki. Waingereza waliokufa walizidi 70. Wasudani walizidi 1,000, na hao mnara hauwataji.

Siku tisa baadaye Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Mnara wa Burnaby ulizinduliwa Novemba mwaka huohuo.