Subira ya Daktari Calmette

Katika kadi ya kliniki ya kila mtoto azaliwaye visiwani mwetu zimeandikwa herufi tatu: BCG. Ndiyo chanjo ya kifua kikuu, ile iachayo kovu dogo begani. C ni Calmette na G ni Guérin. Twaona yafaa kumkumbuka Calmette leo, kwa kuwa kazi yake inatajwa tena, safari hii kwa ajili ya wazee.

Albert Calmette alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1863. Akiwa tabibu wa jeshi la majini alitumikia visiwa vya wavuvi vya Saint-Pierre na Miquelon, karibu na Kanada, na huko akachunguza kinachowaharibu samaki wa chumvi hata wakawa wekundu. Mwaka 1891 alianzisha Taasisi ya Pasteur mjini Saigon, akashughulikia dawa ya sumu ya nyoka. Mwaka 1895 alikabidhiwa taasisi ya Lille, mji wa viwanda ulioteswa na kifua kikuu.

Hapo alishirikiana na Camille Guérin, daktari wa mifugo. Kuanzia mwaka 1908 waliotesha vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyotiwa nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila baada ya wiki tatu hivi walivihamisha, mara 230 kwa miaka 13, hata Lille ilipokuwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Vijidudu vikapoteza ukali wao. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo mjini Paris.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1930, mjini Lübeck, Ujerumani, watoto wapatao 250 walinyweshwa chanjo, na zaidi ya 70 wakafa. Uchunguzi ulibainisha kwamba chanjo ilichanganyika na vijidudu vikali katika maabara ya mji huo. Calmette hakuwa na hatia, lakini msiba ule ulimwelemea hadi alipofariki mwaka 1933.

Tangu miaka ya 1970 chanjo hiyo imetumika pia kutibu saratani ya kibofu cha mkojo. Watafiti wa Israel mwaka 2019, na wa Marekani mwaka 2023, walichunguza kumbukumbu za wagonjwa hao, wakaona kwamba waliotibiwa kwayo walipatwa kwa uchache zaidi na maradhi ya kupotewa na akili uzeeni. Hudhaniwa kwamba chanjo huamsha kinga ya mwili mzima. Hata hivyo, kulinganisha kumbukumbu si kuthibitisha. Huenda waliopewa chanjo walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa afya mambo mawili: chanjo ya watoto itunzwe kwa uangalifu uleule uliokosekana Lübeck, na asiachiwe mtu yeyote kuwauzia wazee sindano hii kwa jina la tiba ya kusahau. Nasi wananchi, mzee asiyeitambua tena njia ya kwake tusimfiche ndani wala tusimsingizie uchawi; tumpeleke hospitali. Calmette alingoja miaka 13 kabla ya kumpa mtoto mmoja chanjo yake. Wazee wetu nao wanastahili uangalifu huohuo.