Humphrey Bogart: nyota wa Hollywood aliyepiga kambi mto Ruiki

Mwaka 1951, kundi la watengenezaji wa filamu kutoka Marekani na Uingereza lilipiga kambi msituni kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji wa Kongo ambao leo unaitwa Ubundu. Miongoni mwao alikuwemo Humphrey Bogart, mwanamume mwenye umri wa miaka 51 wakati huo, mwenye uso uliokunjamana na sauti ya kukwaruza, ambaye tayari dunia nzima ya sinema ilimfahamu.

Maisha ya kambini hayakuwa mepesi. Siafu waliwavamia, boti waliyoigizia ilizama ikabidi iopolewe, na wengi waliugua tumbo. Mwigizaji mwenzake, Katharine Hepburn, aliyekuwa akinywa maji tu, alikuwa kati ya walioumia zaidi. Bogart na mwongozaji John Huston hawakuugua, na inasimuliwa hadi leo kwamba siri yao ilikuwa wiski na vyakula vya makopo. Mkewe, Lauren Bacall, alifuatana naye safari nzima. Kutoka Kongo walihamia Uganda, wakapiga picha Butiaba kwenye ziwa Albert na katika maporomoko ya Murchison. Matukio ambayo waigizaji walipaswa kuzama majini yalirekodiwa London, kwa kuhofia kichocho.

Filamu hiyo, The African Queen, inahusu mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Wengi huihusisha manowari ya Kijerumani iliyomo ndani yake na Graf von Götzen, meli ambayo wakaazi wa ziwa Tanganyika wanaifahamu kwa jina la Liemba. Kwa nafasi ya nahodha mlevi wa boti chakavu, Bogart alipata tuzo yake pekee ya Oscar, mwaka 1952, akimshinda kijana aliyekuwa akivuma, Marlon Brando.

Alifika hapo kwa kuchelewa. Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, baba yake akiwa daktari wa upasuaji na mama yake mchoraji mashuhuri. Alifukuzwa shule mwaka 1918, akaingia jeshi la majini, kisha akahangaika miaka mingi majukwaani katika nafasi ndogondogo. Mlango ulifunguka mwaka 1935, alipoigiza jambazi aliyetoroka gerezani katika mchezo wa The Petrified Forest. Kampuni ya Warner Bros. ilipotaka kutengeneza filamu ya mchezo huo bila yeye, nyota wake mkuu, Mwingereza Leslie Howard, alishikilia kwamba hataigiza pasipo Bogart. Wema huo haukusahauliwa: binti wa Bogart, aliyezaliwa mwaka 1952, alipewa jina la Leslie.

Hata hivyo, kwa miaka mitano zaidi alibaki kuwa jambazi wa kupigwa risasi kabla filamu haijaisha. Ni mwaka 1941, kwa High Sierra na The Maltese Falcon, alipopewa nafasi za mbele, na mwaka uliofuata ikaja Casablanca. Ndani yake ni mwenye mgahawa nchini Morocco, katikati ya wakimbizi wa vita wanaosubiri karatasi za kusafiria. Msikilizaji wa ukanda wa Maziwa Makuu hahitaji kuelezwa uzito wa kusubiri huko. Waigizaji kadhaa waliokuwa naye walikuwa wakimbizi wa kweli, waliokwisha kukimbia utawala wa Wanazi, ingawa picha zote zilipigwa California.

Lipo jambo ambalo wapenzi wake hulitaja kwa nadra. Mwaka 1947, kamati ya Bunge la Marekani ilipoanza kuwasaka wakomunisti katika sinema, Bogart na Bacall walisafiri hadi Washington kuwatetea wasanii wenzao. Shinikizo lilipozidi alirudi nyuma, na mwaka 1948 akachapisha gazetini kwamba yeye si mkomunisti na kwamba safari ile ilikuwa kosa. Wengine walifungwa na kunyimwa kazi. Yeye aliendelea kuigiza. Mtu aliyependwa kwa sababu ya ujasiri wa filamuni aliogopa kama waogopavyo watu wengi wenye cha kupoteza.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Saratani ya umio ilimuua nyumbani kwake Los Angeles tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57. Badala ya jeneza, kanisani uliwekwa mfano wa mashua yake Santana, nayo hotuba ya maziko ikatolewa na Huston. Pamoja na majivu yake iliwekwa filimbi ndogo ya dhahabu, ukumbusho wa filamu ya mwaka 1944 iliyomkutanisha na Bacall.

Mwaka huohuo wa 1957, jumba la sinema la Brattle, karibu na Chuo Kikuu cha Harvard, lilianza kuionyesha Casablanca. Wanafunzi waliijaza sinema hiyo hasa nyakati za mitihani, wakitamka maneno ya mashujaa pamoja nao, kwani walikwisha kuyahifadhi. Wengi wao walikuwa watoto wadogo filamu hiyo ilipotoka. Ufaransa nako, mwaka 1960, Jean-Paul Belmondo alionekana katika filamu ya À bout de souffle akiitazama picha ya Bogart na kuigiza namna alivyougusa mdomo wake. Mwaka 1999, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimweka wa kwanza kati ya nyota wa kiume wa enzi ile. Wa kwanza kwa wanawake alikuwa Hepburn, yule mgonjwa wa kambi ya Ruiki.

Nchini Morocco, mwaka 2004, mwanadiplomasia wa zamani wa Marekani alifungua mjini Casablanca mgahawa unaofanana na ule wa filamuni. Na ile boti ya mvuke, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 na kutumika miaka mingi kwenye ziwa Albert, ipo Key Largo, Florida, ambako hupakia mashabiki kwa safari fupi za majini.