Jan Matzeliger, Fundi wa Viatu

Mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotutaka tuandike maisha ya watu mashuhuri walioaga dunia zamani, wenzangu walikimbilia marais na wapigania uhuru. Mimi nikabaki nikiuma kalamu. Si kwamba sikuwa na mtu. Nilikuwa naye tayari, ila niliona haya kumtaja kwa kuwa alikuwa fundi wa viatu, na hapa kwetu fundi wa viatu hatajwi kwa fahari.

Wewe msomaji ambaye si wa huku, ngoja nikueleze. Kaskazini Mashariki mali yetu ni mifugo. Siku ya soko la mifugo hapa Garissa utaona ng'ombe, ngamia na mbuzi hadi macho yachoke. Ngozi basi si haba. Lakini yule anayeishika ngozi ile akaigeuza kiatu, huyo hudharauliwa. Tangu enzi za mababu miongoni mwetu Wasomali, koo zilizofanya kazi ya ngozi zilitengwa, hata kuoana nazo ikawa mwiko. Siku hizi mambo yamepoa kidogo, lakini hayajaisha. Ndugu ya mama yangu, ambaye kwa desturi yetu namwita Abti, ni fundi wa viatu karibu na Soko Mugdi. Nilipokuwa kidato cha kwanza, nikiulizwa darasani Abti anafanya kazi gani, nilijibu kwamba ni mfanyabiashara. Si uongo kabisa, wala si ukweli.

Sisi wa shule ya kutwa tukitoka jioni kila mtu hushika njia yake. Yangu hupitia kibandani kwa Abti. Hapo nimejifunza majina ya vyombo vyake: msharasi wa kutobolea, kisu kifupi cha kukatia, nyundo, koleo, na kalibu. Kalibu ni mguu wa mti. Fundi akitaka kiatu cha kufunika mguu, huiwamba ngozi juu ya kalibu jinsi ngoma inavyowambwa, akaivuta kwa koleo na kuipigilia misumari midogo kwa chini. Ukiona kwa mbali ni kazi rahisi. Jaribu wewe! Ngozi ikivutwa kidogo kiatu hulegea, ikizidi hupasuka. Na pale mbele kwenye vidole, na nyuma kwenye kisigino, sharti ikunjwe marinda madogo madogo yanayolingana, la sivyo kiatu kinatoka na sura ya mzee aliyenuna.

Kazi hii hii ya kuwamba ndiyo iliyompa jina mtu ninayetaka kumsimulia.

Jan Ernst Matzeliger alizaliwa tarehe 15 Septemba 1852 mjini Paramaribo, nchini Surinam, kwenye pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini. Wakati huo Surinam ilikuwa koloni la Waholanzi. Babake alikuwa mhandisi Mzungu wa serikali ya kikoloni na mamake alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Utumwa ulipigwa marufuku huko mwaka 1863, Jan akiwa na miaka kumi. Katika umri huo huo aliingia kufanya kazi kwenye karakana za mashine zilizosimamiwa na babake. Fikiria mtoto wa rika la darasa la nne au la tano akishinda kati ya magurudumu na mikanda ya mashine. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na alichokiona kikifunguliwa aliweza kukifunga tena.

Alipofika miaka 19 akapanda meli na kuwa baharia. Baada ya kama miaka miwili baharini alishuka Philadelphia, Marekani, akakaa. Ujuzi wa mashine alikuwa nao, lakini nani angempa kazi ya mashine mtu mweusi katika nchi ambayo vita vya kukomesha utumwa vilikuwa vimeisha mwaka 1865 tu? Akawa anaokota vibarua, na katika vibarua hivyo akajifunza kazi ya viatu. Mwaka 1877 akahamia Lynn, mji ulioko karibu na Boston. Lynn kwa viatu ilikuwa kama Garissa kwa mifugo: kila mtu unayekutana naye, riziki yake imepitia huko.

Alifika hana ndugu, hana pesa, na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Akapata kazi katika kiwanda kimoja, akiendesha mashine ya kushonea soli. Mchana kazini, usiku masomoni, akisoma Kiingereza na mambo ya ufundi. Alitafuta kanisa la kusali, na makanisa kadhaa yalimkataa kwa ajili ya rangi yake. Mwishowe vijana wa kanisa moja wakamkaribisha. Mimi ni Mwislamu na mambo ya makanisa siyajui sana, lakini kufukuzwa mlangoni mwa nyumba ya ibada naweza kukuelewa bila kufundishwa. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Sasa tuingie kiwandani. Miaka hiyo viwanda vya viatu tayari vilikuwa na mashine. Ilikuwepo ya kukata ngozi, ya kushona ngozi ya juu, na hiyo ya soli. Kitu kimoja tu hakikuwa na mashine, nacho ni kuwamba ngozi kwenye kalibu. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa mkono, na fundi hodari akiwamba kwa saa kumi alitoa kama jozi 50 hivi. Mashine nyingine zingeweza kutoa mara nyingi zaidi, lakini zote zilisimama kumngoja yeye. Mafundi hao walilijua jambo hilo, na walijivuna. Walikuwa na chama chao, mshahara wao ulikuwa mnono, na wakigoma kiwanda kizima kinalala. Watu waliojaribu kuunda mashine ya kuwamba walishindwa, na mafundi wakawa wanasema kwamba chuma hakitapata kamwe vidole vya binadamu.

Matzeliger alisikia maneno hayo akanyamaza. Alifanya nini? Alitazama. Kila alipopata nafasi aliwakazia macho mafundi wa kuwamba: koleo linashika wapi, kiganja kinageuka vipi, kidole gumba kinakunja rinda lini. Usiku, katika chumba cha kukodi, alichora alichokiona. Kisha akaanza kuunda mfano wa mashine kwa takataka, yaani vibao vya maboksi ya sigara, nyaya, misumari, kamba. Ilimchukua kama miezi sita, na mwaka 1880 mfano ukawa tayari. Haukuweza kuwamba kiatu cha kweli, lakini mwendo wake ulionyesha kwamba jambo lawezekana. Mtu mmoja akaja kumpa dola 50 auze. Akakataa! Na ujue hapo alikuwa akijinyima chakula apate pesa za vyuma.

Akaunda mfano wa pili kwa vyuma vikuukuu. Huu ulikuwa bora zaidi, na akaahidiwa dola 1,500 kwa sehemu moja tu, ile ya kukunja marinda ya mbele. Akakataa tena. Hapa darasani kwetu tulibishana. Kuna mwenzangu aliyeshikilia kwamba huo ni ujinga, ati mtu mwenye njaa hakatai dola 1,500. Mimi naona alijua alichokishika. Hata hivyo njaa ina nguvu zake. Ili kupata pesa za kuendelea, ilimbidi awape wenye mali wawili theluthi mbili ya faida yote ya mashine. Yaani aliyekesha akabaki na theluthi moja, na waliolala usingizi wakachukua mbili. Hilo bado linaniuma.

Baadaye akapeleka michoro serikalini aombe hataza, yaani hati inayomlinda mvumbuzi asiibiwe alichokivumbua. Michoro ilikuwa na mambo mengi hivi kwamba wakubwa kule Washington hawakuelewa wala kuamini. Wakamtuma mkaguzi asafiri hadi Lynn akaione mashine kwa macho yake. Akaiona, na tarehe 20 Machi 1883 Matzeliger akapewa hataza nambari 274,207.

Hakuridhika. Aliendelea kurekebisha kwa miaka miwili zaidi, na tarehe 29 Mei 1885 mashine ikajaribiwa kiwandani. Iliwamba jozi 75 za viatu vya wanawake bila kuharibu hata kimoja. Ilishika kalibu iliyovishwa ngozi, koleo lake likaivuta ngozi, likaikunja kwenye kisigino na kwenye vidole, ikapigilia misumari, ikaachilia kiatu, ikadai kingine. Zilipoboreshwa, mashine za namna hii zilitoa kati ya jozi 150 na 700 kwa siku. Bei ya viatu ilishuka karibu nusu, na watu waliokuwa wakikwepa duka la viatu wakaanza kuingia.

Je, mafundi wa mkono? Hawakuifurahia hata kidogo. Waliipa mashine ile jina la matusi kuhusu rangi ya aliyeiunda, jina ambalo siwezi kuliandika katika jarida la shule. Nilipomsomea Abti habari hizi, nikitarajia atashangilia, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza wale wa jozi 50 walikwenda wapi. Nikakosa la kusema. Yeye anajua kitu ambacho mimi nilikuwa nimekisoma tu: tangu patapata za plastiki zijae sokoni, wanaokuja kibandani kwake kuagiza kiatu kipya ni wachache, wengi huleta vilivyokatika.

Matzeliger mwenyewe hakukaa sana kuifaidi mashine. Mwaka 1886 aliugua, kwanza ikadhaniwa ni mafua, kumbe ni kifua kikuu, na wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Kitandani aliendelea kuchora na kufanya majaribio. Alifariki Lynn tarehe 24 Agosti 1889, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 37. Hataza nyingine kadhaa zilitolewa kwa jina lake akiwa tayari kaburini. Kampuni iliyotokana na mashine yake iliungana na nyingine mwaka 1899 zikawa kampuni kubwa mno, na mamilioni yakapatikana, si yake.

Hakuoa, hakuacha mtoto. Alikuwa na hisa zake, na nyingi aliliachia lile kanisa ambalo vijana wake walimkaribisha, ambalo baadaye liliziuza likalipa madeni. Yale mengine yaliyomkataa hayakupata kitu. Nchi ile ilimkumbuka kwa kuchelewa: mwaka 1991 ilichapisha stempu ya barua yenye picha yake, miaka zaidi ya mia moja baada ya kufa.

Abti aliniomba nirudie mara mbili ile sehemu ya maboksi ya sigara. Akataka kujua koleo la mashine lilijuaje kuacha kuvuta kabla ngozi haijapasuka. Nikamwambia Matzeliger alikaa miaka akilitafuta jibu hilo hilo. Abti akatikisa kichwa, akachukua kalibu yake moja, akanionyesha vipande vya ngozi alivyovibandika ubavuni. Kumbe kalibu zake ni chache, na miguu ya watu ni mingi, kwa hiyo huzinenepesha kwa viraka: hiki cha mzee mchungaji ambaye mguu wake ulivimba usirudi, hiki cha mama mwenye kidole kilichopinda. Mteja akiondoka huvibandua, mwingine akija huvibandika upya. Miaka yote nikipita hapo sikuwahi kuviona. Akaniuliza kama mashine ya Lynn ingemtengenezea mzee yule kiatu. Nikafikiri, nikasema haingeweza. Akacheka, akaendelea kupigilia.

Mwalimu mlezi alitaka kila mwandishi aandike chini ya kazi yake ni nani aliyemsaidia. Wangu ni Abti, fundi wa viatu, Soko Mugdi.