Alfred Wilm na Madini Yaliyokazana Siku ya Mapumziko

Askari alindaye pwani ya Macaloe, kaskazini mwa Cabo Delgado, akisikia helikopta ikipita juu ya mikoko huinua macho atambue ni ya nani. Ni nadra kufikiria mapanga madogo yazungukayo ndani ya injini yake, katika joto ambalo lingelainisha chuma cha kawaida. Mapanga hayo ni ya aloi za nikeli, na njia ya kuzikomaza ilianza na Mjerumani Alfred Wilm, ambaye maisha yake twapenda kuwasimulia wasomaji wetu.

Wilm alizaliwa tarehe 25 Juni, 1869, katika Silesia. Mwaka 1901 aliingia kituo cha utafiti cha Neubabelsberg, karibu na Berlin. Jeshi la Ujerumani lilitaka maganda ya risasi ya alumini badala ya shaba ya manjano. Sisi tuliokwisha kubeba risasi mwendo mrefu twaielewa haja hiyo, ingawa hatulisifu jeshi ambalo miaka ile ile lilikuwa likiwaangamiza wazee wetu katika Vita vya Maji Maji.

Mwaka 1906 alichanganya alumini na asilimia 4 hivi ya shaba nyekundu na nusu asilimia ya magnesi, akaipasha moto kiasi cha nyuzi 520, akaizamisha majini. Mhunzi wa chuma cha pua huupata ugumu papo hapo, Wilm hakuupata. Ilikuwa Jumamosi. Vipimo vikakatizwa, watu wakaenda zao. Jumatatu kipande kile kile kilipopimwa tena kilikuwa kigumu zaidi, wala hapana aliyekitia moto tena. Akarudia majaribio, akathibitisha kuwa ugumu huo huja wenyewe kwa siku chache za kutulia.

Sababu hakuijua. Ilielezwa mwaka 1919 na Wamarekani Merica, Waltenberg na Scott: moto huieneza shaba ndani ya alumini, maji huifunga humo kwa ghafla, kisha hujikusanya polepole katika punje zisizoonekana kwa hadubini ya kawaida, zikizuia tabaka za madini zisiteleze.

Kiwanda cha mji wa Düren kilinunua haki ya kuitengeneza aloi hiyo, ikaitwa Duralumin. Kwayo zikaundwa mbavu za meli za anga za Zeppelin, na hapo habari ya Wilm inafika jirani na Macaloe. Tarehe 21 Novemba, 1917, meli L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, na shehena ya tani 15 hivi kwa ajili ya Jenerali von Lettow-Vorbeck. Ilikusudiwa ishuke nyanda za Makonde, ng'ambo ya Ruvuma, isirudi tena. Mbavu zake zingekuwa mlingoti wa simu ya upepo, na vitambaa vyake mahema na bendeji. Ilipofika magharibi ya Khartoum iliamriwa kurejea. Ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya kilomita 6,757. Siku hiyo hiyo Lettow alivuka Ruvuma akawashambulia Wareno pale Negomano, na wapagazi wetu wakaendelea kubeba kwa vichwa vita isiyokuwa yao.

Katika miaka ya 1940 Waingereza waliitumia kanuni hiyo kwa nikeli iliyotiwa titani na alumini, wakaipa jina Nimonic 80, kwa injini za ndege za Whittle. Leo vipuri vya nikeli huweza hata kuchapwa: poda huyeyushwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka. Kipuri kikitoka hapo huwa na mikazo ndani yake, na madini yake hayakuenea sawasawa. Kile cha Inconel 718 hupashwa kwanza hadi karibu nyuzi 1,000 au zaidi, kikapozwa, kisha kikalazwa katika tanuri kwa nyuzi 720 saa 8, na tena kwa nyuzi 620 saa 8. Hata leza haikuiondoa ile subira ya Jumamosi hadi Jumatatu.

Wilm mwenyewe aliiacha kazi ya madini mwaka 1919 akawa mkulima. Alifariki tarehe 6 Agosti, 1937. Mwaka uliofuata Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walizigundua kwa eksirei zile punje za shaba zinapoanza kujikusanya.