Sørensen, mkemia aliyeuachia ulimwengu kipimo cha pH

Mkulima wa viazi mviringo wa Bugeshi, wilayani Rubavu, akipeleka udongo wake maabara, huletewa jibu la herufi mbili na tarakimu: pH 5, pH 6, au chini ya hapo. Herufi hizo hutumika kila siku mashambani, hospitalini na viwandani, ilhali aliyezianzisha hatajwi. Ni Søren Peter Lauritz Sørensen, mkemia wa Denmark.

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, akiwa mtoto wa mkulima. Alipofikia umri wa miaka 18 alijiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea utabibu, lakini mwalimu wake, S. M. Jørgensen, akamvutia kwenye kemia, naye hakurudi nyuma. Kabla ya kutunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1899, alikwisha kushiriki katika uchunguzi wa jiolojia ya nchi yake, na alikuwa mshauri wa karakana ya meli za jeshi la majini.

Mwaka 1901 alikabidhiwa idara ya kemia ya Maabara ya Carlsberg, akichukua nafasi ya Johan Kjeldahl aliyefariki mwaka uliotangulia. Maabara hiyo iliasisiwa na J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha bia, aliyetaka matokeo ya utafiti yachapishwe wazi, yasifichwe kama siri ya biashara.

Humo Sørensen alichunguza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya viumbe. Aligundua kwamba utendaji wake hutegemea sana uchachu wa kimiminika, lakini njia ya kupima iliyozoeleka ilikuwa na kasoro. Ilijumlisha asidi yote iliyomo, ile inayofanya kazi wakati huo pamoja na ile iliyo akiba. Kilichoathiri vimeng'enya ni ioni za hidrojeni zilizo huru tu, nazo ni chache mno: katika lita moja ya maji safi, uzito wake ni takriban sehemu moja ya milioni kumi ya gramu.

Mwaka 1909 alitoa makala iliyorahisisha tarakimu hizo ndefu kwa kutumia logi. Maji safi yakapata 7. Vitu vichachu vikawa chini ya hapo, na vyenye besi juu yake. Kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi: udongo wa pH 4 una uchachu mara mia moja kuliko wa pH 6. Katika makala hiyo hiyo alieleza namna ya kuandaa bafa, yaani michanganyiko inayozuia pH kuyumba hata inapoongezwa asidi au besi kidogo. Damu ya binadamu hulindwa na bafa za aina hiyo, hivyo hubaki karibu na 7.4. Mkewe, Margrethe Høyrup Sørensen, naye mkemia, alikuwa mshirika wake katika utafiti.

Tofauti aliyoibainisha, kati ya asidi iliyo huru na iliyo akiba, ina uzito wa pekee kwa mkulima. Udongo wenyewe ni bafa. Mashamba mawili yanaweza kuwa na pH 5 yote mawili, moja la kichanga na jingine lenye mfinyanzi na mboji nyingi; la pili huhitaji chokaa nyingi zaidi ili pH yake ipande kiasi kile kile, kwa kuwa akiba yake ya asidi ni kubwa. Anayemwiga jirani bila kupima huenda akapoteza fedha, au akazidisha.

Kuzidisha nako kuna madhara. Kiazi mviringo huvumilia uchachu kiasi, ilhali bakteria wanaoichubua ngozi yake na kuiachia vigaga hustawi pale uchachu unapopungua. Uchachu ukikithiri, kwa upande mwingine, aluminiamu huyeyuka na kudhuru mizizi, huku fosforasi ya mbolea ikishikamana na aluminiamu na chuma, isiweze kufyonzwa na mmea. Udongo wa volkano, kama ule wa nyanda za Virunga, unajulikana kwa kuishikilia fosforasi kwa nguvu.

Chokaa ya kilimo nayo ina kanuni yake. Kalsiamu kaboneti haiyeyuki kwa urahisi katika maji matupu. Asidi ya udongo ndiyo inayoila taratibu, na kadiri inavyoliwa ndivyo nyingine inavyoyeyuka. Ndiyo maana huchanganywa na udongo mapema kabla ya kupanda. Kinyume chake huonekana Mashyuza, wilayani Rusizi, ambako maji ya chemchemi za moto hupoteza gesi ya kaboni yanapofika juu, na kaboneti iliyokuwa imeyeyuka hugeuka mwamba. Mwamba wa namna hiyo ukisagwa, hupatikana chokaa.

Sørensen aliongoza idara yake hadi mwaka 1938. Mwaka 1924, akiwa na Kaj Linderstrøm-Lang, alikuwa amekifafanua upya kipimo chake kwa usahihi zaidi, bila kung'ang'ania maelezo yake ya awali. Alifariki tarehe 12 Februari 1939, akiwa na umri wa miaka 71. Herufi mbili alizoziacha ndizo zinazoandikwa hadi leo kwenye karatasi anayokabidhiwa mkulima pamoja na majibu ya udongo wake.